Vijitabu vya mazishi ya guka (babu yetu), tulichapishiwa hapa Nakuru mjini

Guka alilima ngano Njoro mpaka magoti yakakataa ndio akaachia wajukuu shamba, na tulipompoteza mwezi jana tukahitaji vijitabu 200 na siku zilikuwa mbili tu. Mama wa hii duka ya kuchapisha hakuanza na bei, aliuliza kwanza mzee alikuwa mtu wa aina gani, basi tukaongea weee, vile alikuwa anasugua suke mkononi na kutafuna punje ajue kama imekauka ndio aite kombaini ya kuvuna, vile kutu ya Ug99, ugonjwa wa ngano ule ulipewa jina sababu ya Uganda na mwaka 1999, ulimnyima usingizi akabeba mashina yenye madoa hadi kituo cha utafiti pale Njoro kuuliza dawa, na jioni bado hakuna mtoto alikula kabla yeye afike. Yote aliandika. Picha ilikuwa imechanika wakaitengeneza kwa kompyuta hadi ile kofia yake ikaonekana. Jina la cucu (nyanya yetu) walikosea herufi moja lakini walirudia kurasa hizo bure. Shilingi 80 kila kimoja, haki ni bei nzuri. Cucu ameweka chake ndani ya Bibilia.