Nullable ya C#: nimekaa nayo miezi kadhaa, naipa nyota 4 kati ya 5

Kama unaandika C# (lugha ya programu) basi NullReferenceException unaijua vizuri tu, lile kosa la kutumia kitu ambacho bado ni null, yaani hakuna kitu. Zangu mimi nyingi zilikuwa za listi. Unaandika ndani ya klasi `List<string> Majina;` unaridhika, halafu mbele huko unaita `Majina.Add("Asha")` programu inazima hapohapo. Umebandika jina tu jamani, kapu lenyewe hujaleta.

Sasa hii Nullable, ukaguzi unaokuonya mahali null inaweza kujitokeza, ilikuja na C# 8 mwaka 2019, na tangu .NET 6 mradi mpya unakuja nayo imeshawashwa. Kwa mradi wa zamani unaweka `<Nullable>enable</Nullable>` kwenye faili la csproj (la mipangilio ya mradi), basi. Ukibildi tu kompaila (inayogeuza kodi kuwa programu) inakutolea onyo CS8618, kwamba konstrakta (sehemu ya klasi inayorani kitu kinapoumbwa) inaisha na fildi hii, yaani variabo ya klasi, bado ni null, yaani unajua hata kabla ya kurani.

Ilipoanza kunikosha ni hapa. Kwenye konstrakta nilikuwa nimeandika `List<string> Majina = new List<string>();` na mimi naapa listi nimeshaiumba, nasoma kodi mara kumi sioni kitu, nimeshaanza kuilaumu mpaka kompyuta, kumbe ile kuweka aina pale mbele nimeumba variabo nyingine kabisa ya mlemle ndani, konstrakta ikiisha nayo inaishia hapo, ile ya klasi iko vilevile null. Onyo likaitaja fildi yenyewe kwa jina ndo nikashtuka. Siku hizi naandika `= new();` palepale ninapoitangaza, au `= [];` kama uko C# 12, sisubiri konstrakta.

Nyota moja nimekata kwa sababu ni onyo tu, mtu mvivu analipita, au anaweka `null!` kompaila inanyamaza na tatizo liko palepale. Mimi nimeongeza `<WarningsAsErrors>nullable</WarningsAsErrors>` ili bildi igome kabisa. Ila usiwashe kwa pupa kwenye mradi mkubwa wa zamani, utamwagiwa maonyo mpaka uchoke, anza faili moja moja na `#nullable enable` pale juu.

Halafu ulinzi wake ni wa wakati wa kubildi tu, programu ikishaanza kurani haukusaidii. System.Text.Json (maktaba ya .NET ya kusoma data za JSON) ikikuta `"Majina": null` kwenye data inakuwekea hiyo null juu ya listi uliyoiumba vizuri, na kompaila haina habari (jina likikosekana kabisa kwenye data hapo uko salama, listi yako inabaki). Kwenye .NET 9 kuna `RespectNullableAnnotations`, ukiiwasha mwenyewe inakataa null ya namna hiyo, lakini null iliyojificha ndani ya listi, kwenye elementi, hiyo bado inapita, kwa hiyo hapo nacheki kwa mkono kama zamani.