Yamaha R6 jijini Nairobi: tamu, lakini si ya anayejifunza

Rafiki yangu ana R6, pikipiki ya spoti, ya mwaka 2008 na huniachia akisafiri. Mimi ni mtu wa Boxer 150, ile ya bodaboda, kwa hiyo nina cha kulinganisha. Boxer ina nguvu za farasi 12 hivi. R6 inakaribia 120. Mara kumi, na uzito haujafika hata mara mbili.

Mbio zenyewe hazinitishi. Thika Road Jumapili asubuhi, yeyote ataiendesha na atashuka akicheka. Kazi iko kwenye mkono wa kulia, ule wa mafuta. Boxer ikirushwa na tuta ukavuta mafuta bila kutaka, inanguruma kidogo, basi. R6 haikusamehei hivyo. Na inadanganya: chini ni pole, karibu ichoshe, mpaka mizunguko ya injini ipite 8,000 hivi kwa dakika. Hapo inaamka na kukimbilia karibu 16,000, na mgeni ambaye alikuwa ameshaanza kujiona fundi anajikuta ameng'ang'ania hendo. Gia ya kwanza peke yake inapita kilomita 100 kwa saa. Mjini sheria ni 50.

Breki za mbele ni diski mbili, vidole viwili vinatosha. Hii ya 2008 haina ABS, ule mfumo unaozuia tairi isijifunge ukikaba breki; R6 ilianza kuja nayo 2017. Matatu ikikukatia Waiyaki Way kufuata abiria, aliyezoea anaminya taratibu, anangoja uzito uhamie mbele, ndipo anakaza. Asiyezoea anaikaba kwa woga, tairi ya mbele inajifunga, na pikipiki inalala. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi, lami ikiwa na vumbi na oili, hata mzoefu anaomba Mungu.

Kwenye jam ya Ngong Road ndipo niliichoka. Hendo ziko chini, uzito wote unakaa viganjani, na hazikunji vya kutosha kupenya katikati ya magari. Kiti kiko sentimita 85 kutoka chini. Mimi nagusa kwa ncha za viatu, na kuizuia kilo 190 isiinamie upande kwa ncha za viatu si mchezo. Expressway, barabara ambayo ingeifaa, pikipiki haziruhusiwi.

Uingereza, kijana wa miaka 19 hupata leseni ya pikipiki ya A2: mwisho kilowati 35, kama nguvu za farasi 47. R6 haikubaliki kwenye leseni hiyo hata ikipunguzwa nguvu. Naona wana hoja.

Anayetaka sura ya spoti na ndiyo anaanza, aangalie Yamaha R3: nguvu za farasi 42 hivi, kiti sentimita 78, na bado itaiacha Boxer mbali. Mimi mwenyewe naitafuta iliyotumika. Mwenye R6 ameshaniambia anauza. Nimemwambia nitaendelea kuazima.