Walininyima kitabu cha tano

Nimelipia seti nzima ya hadithi za Prydain, nchi ya kubuni, za mwandishi Lloyd Alexander, vitabu vitano. Kifurushi kikaja na vitano kweli, ila cha pili wamekitia mara mbili na cha tano hakimo. Cha tano! Ndicho kilichotunukiwa Medali ya Newbery, tuzo ya Marekani ya vitabu vya watoto, mwaka 1969, na ndicho vita vyote vinakoishia.

Nikapiga simu huduma kwa wateja. Kaka aliyepokea akaniambia, "Si hadithi za watoto tu hizo? Soma hivyo vinne kwanza." Akakata.

Za watoto tu? Chungu cheusi cha kitabu cha pili kimetoka kwenye Mabinogi, masimulizi ya kale ya Wales. Humo maiti za vitani zinatumbukizwa chunguni, kesho yake zinaamka kupigana upya, zina nguvu zote isipokuwa haziwezi kusema. Efnisien, aliyechokoza ugomvi wote ule, anajilaza katikati ya maiti ili naye atupwe ndani, kisha anajinyoosha mpaka chungu kinapasuka na moyo wake unapasuka. Alexander akaichukua habari hiyo akawatwisha vijana: chungu hakivunjiki mpaka mtu aliye hai aingie mwenyewe, kwa hiari, akijua hatatoka. Mtoto gani huyo wa kudharauliwa anayepewa swali zito namna hii?

Kwa mhusika Arawn tu ndipo ninapogombana na mwandishi. Kwenye Mabinogi ni mfalme muungwana wa Annwn, ulimwengu mwingine wa masimulizi hayo, anabadilishana sura na ufalme na mtawala Pwyll mwaka mzima na wanaachana marafiki. Alexander kamfanya bwana wa mauti, mwovu mtupu. Kwa hilo nilikuwa nampunguzia nyota.

Halafu nikaazima kitabu cha tano kwa rafiki. Kuna Fflewddur, mfalme mtangatangaji ambaye nyuzi za kinubi chake hukatika kila akiutia ukweli chumvi. Wamekwama kwenye theluji, baridi inawaua, naye anakivunja kinubi chenyewe akakitia moto ili wenzake wapate joto, na kuni zile zinaimba usiku kucha. Nililia. Nyota nimezirudisha zote, hata ya Arawn.

Duka halipati kwangu hata nyota moja. Hela yangu wanayo mpaka leo, na simu zangu hawapokei. Kama mnaitaka seti hii, inunueni kwa mtu atakayewafungulia boksi mbele yenu, mhesabu.