Hopsi za kutia kavu: zipi ununue kwanza, na zipi uziache dukani

Bia ya nyumbani inayonukia balungi, embe au pasheni haipati harufu hiyo kwenye sufuria inayotokota. Hopsi ni maua yanayoipa bia uchungu na harufu, na mafuta yake yanayobeba harufu ni mepesi sana. Yakichemshwa dakika 60 yanapaa na mvuke, na kinachobaki ni uchungu tu. Ndiyo maana wapika bia hutenga sehemu ya hopsi na kuitia mwishoni kabisa, bila moto, hamira ikiwa imekaribia kumaliza kazi au imeshamaliza. Huko ndiko kutia hopsi kavu. Kwa kuwa hakuna mchemko wa kuficha kasoro, ubaya wa hopsi uliyonunua utauonja wote kwenye glasi.

Vipimo vyote hapa ni vya mpiko wa lita 19, yaani galoni 5 za Marekani. Ukipika lita 23 kama walivyozoea Uingereza, ongeza moja ya tano.

Kabla ya jina, soma pakiti

Watu wengi huchagua hopsi kwa jina, kisha hushangaa bia inanukia nyasi kavu. Citra iliyochoka inashindwa na Cascade mbichi, kila mara. Tafuta kwanza mwaka wa mavuno. Marekani na Ulaya huvuna Agosti na Septemba, ilhali New Zealand, Australia na Afrika Kusini huvuna kati ya Februari na Aprili. Pakiti isiyo na mwaka wa mavuno iache.

Pili, tazama ilivyofungwa na ilipowekwa. Inayofaa ni pakiti ya karatasi ya fedha isiyopitisha mwanga wala hewa, tena iliyotoka kwenye friji. Iliyonyonywa hewa inakuwa ngumu mkononi. Iliyojazwa naitrojeni inakuwa laini, na hilo si kosa. Mfuko wa plastiki unaoonyesha ndani, unaoning'inia rafuni kwenye taa, usiuchukue hata kwa nusu bei.

Ukifika nyumbani, sugua punje mbili tatu kwenye viganja na unuse. Harufu ya jibini au ya soksi zilizovaliwa siku nzima ni dalili kwamba asidi za hopsi zimeliwa na oksijeni. Rangi ya kahawia badala ya kijani inasema hivyohivyo. Usitumaini kwamba bia itaifunika.

Pakiti pia huandika asilimia ya asidi alfa. Namba hiyo inahusu uchungu wa kuchemsha na haikusaidii kuchagua hopsi za harufu. Kama muuzaji ametaja jumla ya mafuta kwa mililita katika gramu 100, hiyo ndiyo ya kulinganisha.

Umbo: peleti kwanza

Nafasi ya kwanza ni ya peleti za kawaida, zinazoitwa T-90. Ni maua ya hopsi yaliyosagwa na kushindiliwa. Zikiingia kwenye bia zinasambaratika kuwa unga kwa dakika chache, zinaachia sehemu kubwa ya mafuta ndani ya siku moja au mbili, kisha zinazama chini. Zinapatikana kwa aina karibu zote na bei yake ni ya wastani. Kwa mtu anayepika mara moja kwa mwezi hakuna sababu ya kutafuta kingine.

Ya pili ni peleti za lupulini, zile zinazouzwa kwa majina ya Cryo Hops au LUPOMAX. Hapa majani ya ua hupunguzwa na unga wa njano wenye mafuta na utomvu ndio unaobaki kwa wingi. Kwa hiyo unatumia takriban nusu ya uzito wa T-90. Faida yake huonekana kwenye bia zenye hopsi nyingi sana, kwa sababu majani machache yana maana mbili: ladha ya majani mabichi inapungua, na bia inayonyonywa na mashapo inapungua pia. Bei kwa gramu ni kubwa. Tunapendekeza uchanganye, nusu ya harufu kutoka T-90 na nusu kutoka lupulini, maana lupulini peke yake wakati mwingine hutoa bia yenye harufu kali isiyo na kina.

Maua mazima tunayaweka nafasi ya tatu, japo yanapendeza macho. Yanaelea, yananyonya bia nyingi, na yamebeba hewa katikati ya magamba yake. Hewa hiyo inaingia moja kwa moja kwenye bia yako. Yanafaa kwenye kegi (pipa la chuma la bia) ya bia ya Kiingereza, ndani ya mfuko wenye uzito. Mafuta ya hopsi ya chupa yako mwisho: tone moja likizidi, bia inanukia sabuni.

Aina, kwa mpangilio wa kununua

Citra ni ya kwanza. Hopsi hii ya Marekani ina mafuta mengi na harufu ya ndimu, embe na matunda ya nchi za joto, na inavumilia makosa ya kipimo. Gramu 60 kwa mpiko zinatosha kuonyesha tabia yake. Ubaya wake ni bei, na kwamba kila mtu anaijua.

Mosaic inaifuata kwa karibu. Ilitoka mwaka 2012, nayo ni binti wa Simcoe, aina nyingine ya hopsi. Inatoa bluberi, embe na msonobari kwa pamoja, kwa hiyo bia yenye Mosaic pekee haichoshi pua. Mavuno mengine huwa na harufu ya kitunguu. Ukiisikia mkononi, usizidishe gramu 3 kwa lita.

Nafasi ya tatu tunawapa wazee wawili, Cascade na Centennial. Cascade ilitolewa Oregon mwaka 1972 na ndiyo iliyofundisha bia za ufundi za Marekani kunukia balungi na maua. Centennial ni kali zaidi, ina limau na utomvu. Zote mbili ni nafuu na hupatikana kila duka la vifaa vya bia. Anayejifunza aanzie hapa, maana mpiko ukiharibika hasara ni ndogo.

Ya nne ni Southern Passion ya Afrika Kusini. Hopsi huhitaji siku ndefu za kiangazi ili ichanue vizuri, kwa hiyo huipati kwenye mstari wa Ikweta, lakini mashamba ya eneo la George, Western Cape, yanaiweza. Inanukia pasheni, mapera na machungwa, matunda ambayo mnywaji wa Afrika Mashariki hahitaji kuelezwa. Kinachoizuia kupanda juu ni kwamba haipatikani kirahisi. Ukiikuta mbichi, inunue kabla ya Citra.

Nelson Sauvin ya New Zealand, yenye harufu ya zabibu nyeupe, na Galaxy ya Australia, yenye pasheni na pichi, ni nzuri mno lakini ni ghali. Tena Galaxy ikitiwa nyingi hukwaruza koo hadi bia ipumzike wiki kadhaa. Tumia gramu 30 pamoja na Citra badala ya kuipa mpiko mzima.

East Kent Goldings haishindani na hizo. Ni ya bia za Kiingereza za kahawia, gramu 20 hadi 40 tu, na harufu yake ni ya udongo, asali na maua. Kwenye IPA ya Marekani, yaani bia yenye hopsi nyingi, itapotea.

Kiasi cha kununua

Bia nyepesi ya mtindo wa pale ale inataka gramu 3 hadi 4 kwa lita, yaani gramu 57 hadi 76 kwa mpiko. IPA inataka gramu 5 hadi 8 kwa lita, ambazo ni gramu 95 hadi 152. Kupita hapo ni kutupa fedha. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Oregon uliochapishwa mwaka 2018, uliotumia Cascade, ulionyesha kwamba juu ya gramu 8 kwa lita harufu haiongezeki kwa kadiri ya hopsi, na inageuka kutoka matunda ya machungwa kuelekea majani ya chai.

Pakiti ndogo za Marekani huwa za gramu 28, na Uingereza nyingi ni za gramu 100. Ya ratili moja, gramu 454, inatosha mipiko mitatu ya IPA na bei yake kwa gramu ni ndogo sana kuliko ya pakiti ndogo. Inunue tu kama una friza ya nyuzi −18 na uko tayari kubana hewa yote kila ukifunga. Aliye na friji ya kawaida anunue ya mpiko mmoja.

Vifaa

Ukiwa na chombo chenye bomba la chini au ukiweza kupoza bia hadi nyuzi 1 au 2, tia peleti bila mfuko. Baada ya saa 24 hadi 48 za baridi zitakuwa zimezama. Ila bia inapopoa hunyonya hewa kupitia mtego wa gesi (kizibo cha kutolea gesi ya hamira), kwa hiyo unganisha mfuko au mtungi wa kabonidayoksaidi kwanza. Bia yenye hopsi nyingi ikipata oksijeni hugeuka rangi ya zambarau-kahawia ndani ya siku chache na kuonja boksi lililolowa.

Vinginevyo nunua bomba la wavu wa chuma cha pua wenye matundu ya mikroni 300, au mfuko wa kitambaa chepesi uchemshwe dakika 10. Usijaze kupita nusu, kwa kuwa peleti huvimba na za katikati hubaki kavu. Uzito wa kuuzamisha uwe wa chuma cha pua.

Siku ya kutia, na kinachoharibika

Peleti zikiangukia bia iliyojaa gesi, gesi hutoka yote kwa mpigo na povu huruka hadi dari. Tia kiganja kimoja, ngoja dakika mbili, ndipo umalizie. Kegi yenye mgandamizo itolewe gesi polepole kabla ya kufunguliwa.

Muda ni siku 2 hadi 3. Wanaoacha hopsi wiki mbili hawapati harufu zaidi. Wanapata nyasi na ukakasi. Mara moja kwa siku tikisa chombo taratibu bila kufungua mfuniko.

Jambo linalohitaji uangalifu kuliko yote ni sukari mpya. Hopsi ina vimeng'enya vinavyokata wanga uliobaki kwenye bia kuwa sukari ambayo hamira inaweza kula. Wanakemia Brown na Morris waliliandika Uingereza mwaka 1893, na bado linapasua chupa leo. Kwenye haidromita, kifaa kinachoonyesha sukari iliyobaki, bia iliyotulia kwenye 1.012 inaweza kushuka hadi 1.009 baada ya hopsi. Kila pointi moja ya haidromita (0.001) huzalisha karibu nusu ujazo wa gesi, yaani nusu lita ya gesi kwa lita ya bia, hivyo pointi tatu zikiliwa ndani ya chupa ni ujazo mmoja na nusu juu ya ule wa 2.4 uliokusudia. Chupa ya kawaida haikutengenezwa kubeba hivyo.

Kwa hiyo anayetumia chupa atie hopsi mapema, pointi 4 au 5 kabla ya mwisho, bia ikiwa nyuzi 18 hadi 20. Hamira iliyo hai italamba oksijeni iliyoingia na hopsi, na itageuza baadhi ya mafuta kuwa harufu mpya za ndimu. Kisha apime hadi haidromita isimame siku tatu mfululizo. Funika sampuli, ipashe hadi nyuzi 60 kwa dakika 20, unuse: ikinukia siagi au bisi za sinema, hamira haijamaliza, ngoja. Wa kegi ana uhuru zaidi. Anaweza kupoza hadi nyuzi 14 au 16, hamira ikashuka, akatia hopsi kwa siku mbili, kisha akaweka kegi kwenye baridi na asiitoe tena.

Hofu ya kwamba hopsi zitaingiza vijidudu haina uzito. Pombe, asidi ya bia na hopsi zenyewe huwazuia. Ogopa zaidi mikono na mkasi wa kukatia pakiti, usafishe vyote.

Kwa walio Kenya au Tanzania wanaoagiza nje, uliza KEPHIS (Kenya) au TPHPA (Tanzania), mamlaka za afya ya mimea, kuhusu kibali cha bidhaa za mimea kabla ya kulipa, na mwombe muuzaji atumie njia ya haraka. Pakiti iliyokaa wiki tatu kwenye ghala la joto la Mombasa au Dar es Salaam imeshapoteza ulichoilipia.

Bia hii inywewe ikiwa baridi ndani ya wiki sita hadi nane. Na mashapo ya hopsi yasimwagwe uani penye mbwa: hopsi ni sumu kwao, huwapandisha joto la mwili hadi kufa. Yafunge kwenye mfuko na uyatupe kwenye pipa lenye mfuniko.