Kisiwa cha Robben, na kijana aliyemkatiza mzee

Nilikwenda Kisiwa cha Robben, kile cha gereza huko Afrika Kusini, na msafara wa wakala mmoja wa utalii, na mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Habari za Mandela kukaa pale miaka 18 kati ya 27 ya kifungo chake mnazijua, sizirudii.

Ndani ya gereza anayewatembeza ni mtu aliyefungwa humo humo kwa ajili ya siasa. Wetu alikuwa mzee mpole, sauti ya chini, ukitaka kumsikia lazima usogee. Alisimama mbele ya orodha ya chakula cha wafungwa, akaweka kidole kwenye mstari wa jemu. Walioitwa Machotara na Waasia: wakia 1. Waafrika weusi: hakuna. Kidole akakiacha pale pale, kimya. Wakia moja ni gramu 28 hivi, kijiko na kitu. Yaani kuna mtu alikaa mezani, akafikiria, akaandika kwamba fulani anyimwe hata kijiko cha jemu!

Kisha akaingia kwenye barua. Mwaka 1964, mfungwa wa daraja la D, la chini kabisa, alikuwa na haki ya barua moja kila miezi sita. Nayo ilipitiwa kwanza, maneno wasiyoyataka yakakatwa. Nikanyoosha mkono: "Samahani mzee, ukipata barua ina matundu, pale palipokatwa ulikuwa unapajazaje?" Akanitazama, akavuta pumzi, akafungua kinywa. Kijana wa wakala, macho kwenye simu, akadakia: "Mzee, fupisha, chakula cha mchana tumeshakilipia. Mengine watayasoma mtandaoni."

Mtandaoni! Yule mzee yuko mbele yetu, mzima, anataka kujibu, ananyamazishwa ndani ya gereza alilofungwa, kisa sahani ya wali! Akatabasamu, akasema twendeni. Hata pole hakupewa. Na tulipofika gatini tukakaa kusubiri meli muda mrefu kuliko tuliosimama mbele ya seli ya Mandela.

Nilikusudia kuandika msithubutu kwenda na wakala yule. Lakini niseme kweli, bila wao nisingefika, na safari yenyewe imenibadilisha. Mimi humtumia mama ujumbe hata mara sita kwa siku, mwingi ni "umekula?" tu, na nilikuwa naona ni usumbufu. Siku hizi nauandika taratibu, nausoma tena kabla ya kuutuma. Kwa hilo nawapa nyota tatu.

Hapana, tatu ni nyingi. Nikikikumbuka kile kinywa kilichofunguka kikafungwa, nawapa moja, na hiyo ni ya dereva, aliyekuwa mtu wa heshima.

Ninyi mkienda, jibanzeni karibu na mzee tangu mlangoni, mumuulize mapema. Na atakayemkuta yule wetu, tafadhali, amuulizie lile swali la barua.