Magurudumu ya kaboni kwa baiskeli ya milimani: yapi ununue ukikaa Mombasa

Fundi wangu wa Kongowea alitia ufunguo wa spoki, akazungusha robo duru tu, na kichwa cha nati kikakatikia ndani ya ufunguo. Akanimiminia kiganjani: unga mweupe kama chokaa, na kipande cha alumini kilicholika mfano wa jino bovu. "Hii si kazi ya njia, ndugu yangu," akaniambia. "Hii kazi ya bahari." Rimu yenyewe, ya kaboni, haikuwa na mkwaruzo wa maana. Magurudumu yale yalikuwa na miezi kumi na minne, na nilikuwa nimeyawekea akiba kwa muda mrefu kuliko huo.

Tangu siku hiyo, kila anayeniuliza anunue magurudumu gani ya kaboni humuuliza kwanza: nati za spoki ni za nini? Huku kwetu chumvi iko hewani mwaka mzima, uvume kaskazi au uvume kusi. Kaboni ikigusana na alumini, na katikati pakawa na unyevu wa chumvi, hupita umeme mdogo kama ule wa ndani ya betri, na kinacholiwa ni alumini. Kaboni haipati neno. Kwa hivyo ile nati ndogo ya alumini inayoshika spoki kwenye rimu ndiyo inayokwenda, kimyakimya, ndani ya tundu usikoona. Nati za shaba ya njano hustahimili zaidi sana. Ni nzito kidogo: kwa magurudumu mawili ya spoki 28 kila moja, zinaongeza kama gramu 35, yaani uzito wa tende nne. Nakuomba, zikubali hizo tende nne.

Je, kaboni yenyewe inafaa gharama? Kwangu mimi, ndiyo, lakini nijibu kwa kipimo. Rimu nzuri ya alumini ya inchi 29 huwa na gramu 480 hadi 550; ya kaboni ya kazi hiyohiyo ni 380 hadi 450. Uzito wa ukingoni mwa gurudumu ndio mguu unaousikia kila unapotoka kwenye kona na kukanyaga upya. Ukipanda kutoka Matuga kwenda Kwale, jua likiwa limeshachoma, utautambua. Zaidi ya uzito, gurudumu la kaboni halipepesuki: unaelekeza pale, linakwenda pale, hata juu ya mawe ya matumbawe ya njia za kule Vipingo na Takaungu.

Lakini kuna la kupima. Alumini ikigonga jiwe hupinda, na fundi anaweza kuinyoosha kwa koleo ukarudi nyumbani. Kaboni haipindi, ama inabaki sawasawa, ama inapasuka. Ikipasuka, imekwisha.

Kabla ya kutoa hata shilingi, hakikisha gurudumu litaingia kwenye baiskeli yako. Soma ubavuni mwa tairi: 622 ni inchi 29, 584 ni 27.5, na 559 ni 26. Kisha pima nafasi ya ndani ya uma wa nyuma. Fremu za siku hizi nyingi ni milimita 148, ile inayoitwa Boost, na mbele 110. Za zamani kidogo ni 142 nyuma na 100 mbele; za zamani zaidi, zenye ekseli nyembamba ya kukaza kwa mkono, ni 135. Rafiki yangu wa Tudor aliagiza 142 na fremu yake ni 148. Milimita sita tu, lakini ilibidi atafute vipande vya kujazia na gurudumu zima lipangwe upya. Tazama pia kaseti yako, yaani lile rundo la gia za nyuma, na ngoma yake, ile sehemu ya katikati ya gurudumu inayoibeba: kaseti yenye kigia kidogo kabisa cha meno 11 kwa kawaida hukaa kwenye ngoma ya HG, yenye meno 10 inataka Micro Spline ikiwa ni ya Shimano, au XD ikiwa ni ya SRAM. Na diski ya breki, je, inafungwa kwa skrubu sita au kwa Center Lock, yaani pete moja ya katikati? Andika yote haya kwenye karatasi moja.

Upana wa ndani wa rimu nisiuzungushe: milimita 28 hadi 30 kwa tairi za inchi 2.3 hadi 2.5. Kwa tairi nyembamba za mashindano, 25 zatosha.

Sasa mpangilio wangu, kwa mtu wa Mombasa anayelipa kwa jasho lake.

Ya kwanza kabisa ni magurudumu ya kuagiza moja kwa moja kutoka kwa watengenezaji wa China wanaouza rimu kwa jina lao wenyewe, kama Light Bicycle wa Xiamen. Wengi huku wakisikia China hudhani ni bandia. Bandia ni ile yenye jina la mtu mwingine. Hawa wameandika lao, na wanakuachia uchague kila kitu: idadi ya spoki, aina ya habu (kitovu cha gurudumu), ngoma ya kaseti, na nati. Hapo ndipo unaposema shaba. Seti kamili huwa kati ya dola 500 na 900 kutegemea habu, na ukihesabu dola kwa shilingi 130 unaona ni kama 65,000 hadi 117,000, kabla ya usafiri, ushuru, VAT ya asilimia 16 na ada ya wakala. Hesabu hizo za forodha zifanye mapema. Nimeona watu wakiuacha mzigo ukae kwa kukosa pesa za kuutoa.

Kwenye habu usibane mkono. Mimi napenda DT Swiss 350, kwa sababu vifuniko vyake vya pembeni hung'oka kwa mkono, ngoma ikatoka, ukafuta chumvi na mchanga, ukatia grisi, ukarudisha, yote kwa dakika kumi mlangoni kwako. Kwa habu nyingine yoyote, uliza namba ya beringi. Ukiambiwa 6902, kwa mfano, hiyo ni milimita 15 kwa 28 kwa 7, na duka lolote la beringi za mashine litaijua kwa namba bila ya kujua baiskeli ni nini. Chukua zenye mpira pande zote mbili. Habu yenye beringi ya saizi yake peke yake duniani itakuweka nyumbani wiki nzima ukingoja kifurushi.

Spoki ziwe za chuma kisichoshika kutu, zenye kichwa kilichopinda. Zile zilizonyooka mwanzo hadi mwisho zinapendeza, lakini siku moja ikikatika uko Kaloleni, hakuna fundi wa njiani atakayekuwa nayo. Iliyopinda huenda akapata ya chuma cha kawaida ya urefu wa karibu, ikakufikisha mjini. Spoki 28 kila gurudumu zatosha wengi wetu. Ukizidi kilo 90, au ukibeba mizigo, omba 32.

Ya pili kwangu ni mchanganyiko: kaboni mbele, alumini nyuma. Ndilo chaguo ninalowapa vijana wenye bajeti ndogo, na silioni kuwa la aibu hata kidogo. Gurudumu la nyuma ndilo linalobeba uzito wako na kupokea mapigo ya mawe, likipinda, linanyooshwa. La mbele ndilo linaloelekeza, na hapo uthabiti wa kaboni unausikia mikononi.

Ya tatu ni alumini nzuri pande zote mbili. Rimu kama DT Swiss XM 481, au EX 511 kwa anayeruka na kushuka kwa kasi, zote zina upana wa ndani wa milimita 30, na zikijengwa na fundi mwenye subira zitauzidi umri wa fremu. Ikiwa kaboni itakufanya ukope, au itakula pesa za tairi nzuri, chukua hizi. Tairi mbovu juu ya rimu ya kaboni ni hasara mara mbili.

Ya nne ndiyo itakayowashangaza wengi: majina makubwa, Reserve, Roval, ENVE. Ni magurudumu mazuri mno. Reserve, tangu 2017, hutoa dhamana ya maisha kwa mnunuzi wa kwanza, na Roval Control SL hutajwa kuwa na gramu 1,240 kwa jozi, uzito wa ajabu. Lakini dhamana nguvu yake iko pale alipo wakala. Rimu ikipasuka ukiwa Mombasa, ni wewe wa kutafuta njia ya kuifikisha, na ni wewe wa kukaa bila baiskeli. Kwa dola 1,500 hadi 2,500 naona ni kununua ahadi iliyo mbali. Ukiwa na jamaa anayekwenda na kurudi Dubai au London, yapandishe hadi nafasi ya pili. Hata hivyo uliza nati. Jina kubwa halizuii nati kuwa za alumini, na zile zangu zilizogeuka chokaa zilikuwa na jina kubwa.

Ya tano ni mitumba. Usinunue bila kutoa tairi na utepe wa ndani. Pitisha kidole na macho kuzunguka kila tundu la spoki, utafute nyufa nyembamba kama unywele. Kisha chukua sarafu ya shilingi 20, ugonge taratibu rimu nzima, inchi baada ya inchi. Sauti iwe moja, kavu na wazi. Mahali inapofifia ikawa kama unagonga kadibodi, hapo tabaka za kaboni zimeachana, rudisha gurudumu na uondoke. Nati zikiwa zimepakwa rangi, kwaruza moja kwa tupa: ikitokea njano ni shaba, nyeupe ni alumini.

Bandia zenye stika za majina makubwa kwa bei ya kutupa sizipangii nafasi. Rimu ikikatika ukishuka, kinachofuata ni meno na taya.

Ukishayapata, adui wako ni chumvi, hata kwenye ndoo. Maji ya visima vingi vya kisiwani na Kisauni yana chumvi. Ukiosha baiskeli nayo umeiongezea ugonjwa. Mimi humalizia kwa lita tano za maji matamu ya mtungi, nikimwaga polepole kwenye nati na habu, kisha nafuta kwa kitambaa. Ukitoka kwenye feri ya Likoni siku ya upepo, fanya hivyo jioni hiyohiyo. Dawa ya tairi zisizo na tyubu hukauka haraka kwa joto letu, basi fungua uangalie kila miezi miwili. Na upepo wa tairi usiupunguze kupita kiasi kwa ajili ya raha: mtu wa kilo 70 mwenye tairi ya 2.4 aanze na psi 22 mbele na 25 nyuma, aongeze kidogo akielekea kwenye matumbawe.

Ujumbe ninaowatumia wauzaji nimeuhifadhi kwenye simu: inchi 29, upana wa ndani 30, spoki 28 zenye kichwa kilichopinda, nati za shaba zote, habu 110 na 148, ngoma ya Micro Spline, diski ya skrubu sita, spoki sita za akiba kwa kila urefu na urefu wake uandikwe kwenye karatasi ndani ya boksi. Muuzaji akijibu kwamba nati za alumini ni nyepesi zaidi, namwandikia tena: shaba, tafadhali. Karatasi ya urefu wa spoki nimempa fundi wa Kongowea, ameibandika ukutani kwa gundi juu ya meza yake ya kazi.