Uzoefu wangu na CH341A: laptopu iliyokata picha baada ya kubadili setingi ya BIOS

Wakuu, kama laptopu yako taa inawaka, feni inazunguka ila kioo ni cheusi tii, na kitu cha mwisho kufanyika ni kubadili setingi kwenye BIOS (ile programu ya kwanza inayoamsha mashine kabla ya Windows), usikimbilie kununua kioo kipya wala usikubali haraka kuambiwa madabodi imekufa. Mimi ya kwangu nimeifufua kwa hiki kidude kinaitwa CH341A, cha kusoma na kuandika chipu ya BIOS kupitia USB, na klipu yake ya kuing'ata chipu, na nitasema kilipo kizuri na kinapozingua, maana wauzaji wao wanasifia tu mwanzo mwisho.

Ilikuwa hivi. Laptopu ina kadi mbili za grafiki, moja iko ndani ya prosesa na nyingine ya kujitegemea kwa ajili ya gemu. Kwenye BIOS yake kuna sehemu ya kuchagua picha ianzie kadi ipi, ilikuwa Auto nikaweka PEG, yaani ile kadi kubwa ndo iwe ya kwanza, nikasevu, ikajizima ikajiwasha na tangu hapo hata logo sikuiona tena. Sababu ni kwamba kwenye laptopu nyingi za aina hii waya wa kioo umeungwa kwenye kadi ya ndani ya prosesa, kadi kubwa inachora tu halafu inampitishia mwenzake ndo apeleke kwenye kioo, sasa ukimzima mwenzake nani apeleke? Na tundu la HDMI mara nyingi linapita njia hiyohiyo, kwa hiyo monita ya nje nayo ikawa giza vilevile. Mtengenezaji kaacha kwenye menyu setingi ambayo mashine yenyewe haiwezi kuifuata, kwangu huo ni uzembe wake, ila jina simtaji.

Kabla hujatoa hela fanya kwanza vya bure. Bonyeza Caps Lock, taa yake ikiwaka na kuzima jua mashine iko hai, ni picha tu haipo. Mulika kioo kwa tochi ya simu ukiwa umeinamisha kidogo, ukiona maandishi hafifu basi kilichokufa ni taa ya nyuma ya kioo, BIOS haihusiki. Chomoa chaji na betri, shikilia kitufe cha kuwashia kama sekunde 30, rudisha chaji peke yake uwashe. Kuna pia ya kuingia BIOS gizani, kwenye mashine nyingi F9 inarudisha setingi za kiwandani halafu Enter, F10, Enter, ila nyingine ni F5 na nyingine kisanduku kinaanzia kwenye No, so tafuta picha za menyu ya modeli yako kwanza usije ukawa unabonyeza hewa. Yangu ilikataa vyote.

Halafu kuna ushauri wa kila mtu, chomoa kabetri ka CMOS, kale kadogo ka kwenye madabodi kanakotunza saa. Nilikachomoa kakalala nje usiku kucha, na kilichopotea, nilikuja kuona baadaye, ni saa na tarehe tu. Kwa mashine za zamani hiyo inasaidia kweli, ila hizi za UEFI, yaani BIOS ya kisasa, setingi nyingi zinakaa kwenye eneo linaitwa NVRAM ndani ya chipu ileile iliyobeba BIOS, na hiyo ni flashi, haihitaji umeme ili ikumbuke, hata ukiiacha bila betri mwaka mzima utaikuta na PEG yake. Hapo ndo nikaona isiwe tabu, niagize CH341A nimfuate huko huko aliko.

Mzigo ulikuja na kibodi chenyewe (bodi ndogo, si kibodi ya kuchapia) cha kuchomeka USB, klipu ya miguu 8 na waya wake bapa, vibodi vidogo vya kuunganishia na adapta ya 1.8V. Kibodi sina neno nacho. Kwenye Linux flashrom, programu ya kusoma na kuandika chipu, ilikiona bila draiva yoyote, kwenye Windows draiva lazima. Ila angalia sana unachonunua, kwa sababu ile nyeusi ya bei chee inajulikana kwa ugonjwa mmoja, mguu wa umeme unatoa 3.3V kama ilivyoandikwa lakini nyaya za data zinatoka na 5V kwa kuwa chipu ya CH341A yenyewe imelishwa 5V. Nilichukua yenye swichi ya kuchagua volti na nikapima na multimita kabla ya kuisogeza karibu na laptopu. Soma pia namba ya chipu yako kwa kuikuza na kamera ya simu. Yangu ni W25Q128JV, hiyo ni ya 3.3V, ingeishia na JW ingekuwa ya 1.8V na ukiipa 3.3 unaweza ukaiua, tofauti ni herufi moja iliyoandikwa kwa rangi hafifu juu ya kitu kidogo kuliko kucha.

Sasa klipu. Jamani klipu ni kimeo. Inateleza kama kambale, unaibana vizuri, unaachia mkono, upande mmoja unanyanyuka, flashrom inakwambia haijaona chipu yoyote, au mbaya zaidi inasoma bila kulalamika halafu faili lote limejaa FF, yaani hakuna ilichosoma. Kilichonisaidia ni kusugua miguu ya chipu kwa mswaki laini na spiriti maana kuna vanishi imepakwa juu yake, kisha kushusha klipu wima kabisa bila kuipinda, waya mwekundu kwenye mguu namba 1 ule wenye kidoti, na betri kubwa pamoja na chaji vikiwa vimechomolewa. Ikishika usiguse meza. Soma mara mbili na ulinganishe SHA256 (namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye faili) ya mafaili yote mawili, yakitofautiana usiandike chochote, rudi kwenye klipu. Chipu hii ni ya 128 Mbit kwa hiyo faili liwe na baiti 16,777,216 kamili.

Na tafadhali usichukue faili la BIOS la kwenye tovuti ya mtengenezaji ukalimimina zima zima. Mara nyingi lina kichwa, yaani data za ziada mbele, na ukiliandika hivyo ufunguo wa leseni ya Windows uliokaa kwenye chipu, siriali ya mashine na kwenye baadhi hata anwani ya MAC vinaondoka. Nilifungua bekapu yangu, lile faili nililosoma kwenye chipu, kwa UEFITool, programu ya kufungua mafaili ya BIOS, nikatoa kile kipande cha NVRAM tu na kuweka kisafi kutoka faili la mtengenezaji, kwingine kote nikaacha kama kulivyokuwa, nikaandika na kuacha flashrom ihakikishe.

Kuwasha mara ya kwanza usipaniki, ilikaa giza, feni ikanyamaza, ikajiwasha tena yenyewe, hapo inajifunza upya RAM, ndo logo ikatokea. Windows ikadai ufunguo wa BitLocker (kufuli la diski la Windows) wa tarakimu 48, kwa hiyo uwe nao kabla hujaanza. Kisha ikagoma kuingia na kioo cha bluu kwa sababu setingi ya BIOS ya namna diski inavyoendeshwa imerudi ya kiwandani, mimi nilikuwa natumia AHCI yenyewe ikarudisha RAID, nikabadili, ikaingia.

Kibodi nyota 4, klipu nyota 2 na hiyo ya pili ni ya huruma. Ukiagiza, nunua klipu nzuri peke yake hata kama itakuwa ghali kuliko kibodi. Na fungua laptopu uitazame chipu kabla ya kununua, ikiwa ni WSON ile isiyo na miguu klipu haina pa kung'ata, hiyo inataka pini maalumu za kugandamizia au fundi wa kuibandua na hita.